Fulana "nzito kidogo" ni gramu ngapi?

(Niliongea haya Jumamosi asubuhi na mafundi na wauza nguo hapa Mwanza. Wengi mliniomba niyaandike, nimeyaandika nilivyoongea, sijayapiga pasi.)

Mwangaluka wote! Shikamooni wazee wangu, naona kina baba wa cherehani za miguu mmekaa mbele kabisa, asanteni. Dada zangu wa mitumba wa soko la Mlango Mmoja nyie mmekaa karibu na mlango, najua mmeacha meza kwa watoto na roho zenu ziko huko, nitajitahidi nisiwacheleweshe.

Nimeambiwa niongee kuhusu maneno ya kazi yetu, maneno ya kushona na ya kuuza nguo. Mi sio mwalimu wa lugha. Mi nimeanza kwa kufumua mishono na kuokota pini kwenye kibaraza cha baba mdogo pale Kirumba, afu nikauza mitumba miaka kama sita, afu nikarudi kwenye cherehani mpaka leo, kwahiyo nimeshona na nimeuza na uchungu wa vyote viwili naujua. Na nilichokiona ni kwamba hela nyingi tunayopoteza haipotei kwenye sindano, inapotea mdomoni. Mtu anasema neno ambalo halina kipimo, mwenzake analielewa anavyotaka yeye, hela imeshatumwa.

Hiki kimzani mnachokiona hapa mezani ni cha dhahabu. Nimekiazima kwa jirani yangu ananunua dhahabu inayotoka upande wa Geita, nilipomwambia nataka nikapimie fulana alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini ngojeni niwaambie kimenifunza nini.

Miaka kadhaa nyuma kikundi cha kina mama wa Igoma walinipa oda ya fulana 200 za sherehe yao, nyeupe, kifuani maandishi, mgongoni jina la kikundi. Nikampigia muuzaji wa jumla, sio wa hapa, nikamwambia nataka fulana nyeupe nzito kidogo. Akanijibu, zipo mama, nzito nzuri kabisa. Bei nzuri, nikatuma hela. Mzigo ukaja na basi, nikaupokea Nyegezi stendi usiku, nikafungua kifurushi kimoja palepale kwenye taa ya muuza chipsi, nikaingiza mkono ndani ya fulana. Jamani, vidole vyote vitano vinaonekana na pete naiona! Nikampigia palepale nikiwa na hasira, we kaka si nilikwambia nzito? Akaniambia kwa upole tu, mama, ulisema nzito kidogo, hiyo ndo nzito kidogo, nyepesi ni ile ingine. Na mnajua nini, hakunidanganya! Mi ndo nilimpa neno "kidogo" aende nalo anapotaka. Kina mama walizikataa na walikuwa na haki, nikanunua zingine kwa hela yangu, zile nyepesi nikaja kuzimaliza moja moja Buzuruga kwa bei ya kuzuga.

Neno ambalo ningelisema siku ile ni GSM. Ni gramu za kitambaa kwa mita moja ya mraba, basi, hakuna uchawi. Ukichukua kitambaa cha fulana upana mita moja urefu mita moja ukakiweka kwenye mzani, zile gramu ndo GSM yake. Sasa hakuna mtu atakukatia mita nzima upime, kwahiyo unafanya hivi, tazameni. Nakata kipande mraba, sentimita 10 kwa 10, sawasawa kabisa, tumia rula na kiwembe sio mkasi wa kubahatisha. Naweka hapa. Kimzani kinasoma 1.8. Vipande kama hiki viko 100 kwenye mita ya mraba, kwahiyo zidisha kwa 100, hii ni 180. Hii ingine ni kipande cha zile fulana zangu za Igoma, nimekihifadhi mpaka leo kama cheti cha ndoa, tazameni, 1.3. Yaani 130. Hizo 130 mpaka 140 ndo zile za kampeni, unagawa bure, mtu anafua mara tatu anageuza dekio. Fulana ya kawaida ya mtu kuvaa bila aibu ianzie 160 hadi 180. Ukifika 200 na kitu hiyo ni nzito kweli, na masweta yale ya kofia ni 280 kwenda juu. Kitambaa cha jinsi wao wanakihesabu kwa aunsi kwa yadi moja ya mraba, utasikia jinsi ya aunsi 12, hiyo ni kama gramu 400 na kitu kwa mita ya mraba, msichanganye hizo hesabu mbili.

Tahadhari moja. Mzani unaweza kudanganywa na wanga. Kuna vitambaa vinatoka kiwandani vimetiwa wanga mpaka vinalia kama karatasi, ukishika unasema hiki ndo chenyewe, ukifua mara moja maji yanakuwa kama uji na kitambaa kimebaki chandarua. Kwahiyo fua, kausha, ndo upime.

Na hapo hapo nimalizie habari ya uzi maana inawachanganya vijana. Ukiona kwenye karatasi wameandika uzi namba 20, namba 30, namba 40, usidhani 40 ndo mnene. Ni kinyume. Hiyo namba inahesabu vibunda vya uzi vya yadi 840 ambavyo vinatoka kwenye ratili moja, yaani pauni moja, ya pamba. Namba 20 maana yake ratili moja imetoa vibunda 20, namba 40 ratili ileile imevutwa ikatoa vibunda 40, lazima uzi uwe mwembamba. Mwembamba sio mbaya, mashati mazuri laini yanatoka kwenye nyuzi nyembamba, ila pamba yake lazima iwe ndefu na ichanwe vizuri. Kuna pamba iliyochambuliwa na kuchanwa kawaida, na kuna iliyopitishwa tena kwenye kitana kikatoa vile vinyuzi vifupi vyote, hiyo ya kitana ndo laini na ndo haitoi vinyweleo vile vya kuota ota baada ya kufua. Bei zake haziwezi kufanana.

Afu sisi watu wa hapa tunashangaa mambo ya pamba kama wageni! Sisi ambao bibi zetu wamelima, tumechuma, marobota tumeyaona yakipita kwenye malori tangu wadogo, na mbegu zenyewe zinafanyiwa utafiti hapo Ukiriguru, Misungwi, sio mbali, zile mbegu zinazoanza na herufi UK, hiyo UK sio Uingereza jamani, ni Ukiriguru. Kilo tatu za pamba mbegu ukizipeleka jineri, kile kiwanda cha kuchambua pamba, zinakupa kama kilo moja tu ya nyuzi, iliyobaki ni mbegu, inakwenda kwenye mafuta na mashudu. Baba yangu mdogo alifanya kazi Mwatex, kile kiwanda cha nguo cha hapa Mwanza, enzi zake, kwenye mashine za kufuma, na yeye ndo alinifundisha maneno mawili ambayo vijana wengi wa saivi hawayajui kabisa: mtande na mshindio.

Mtande ni zile nyuzi ndefu zinazotandazwa kwanza kwenye mashine, zinakwenda na urefu wa jora. Mshindio ni ule uzi unaopita kati kwenda na kurudi, upana. Mtande unakazwa kwahiyo hauvutiki sana, mshindio unavutika kidogo, ukivuta kimshazari ndo kinavutika kabisa, na ndo maana sketi ya kukata upogo inaanguka vizuri mwilini. Ukitaka kuujua mtande, tafuta ule ukingo wa kitambaa, ule wenye vitundu au maandishi ya kiwanda, mtande unakwenda sambamba nao. Baba mdogo alikuwa anachukua kitambaa anakivuta kwa vidole gumba viwili, tap, tap, anasikiliza! Mtande unatoa sauti kali, mshindio unatoa sauti ya chini. Mi nilidhani ananidanganya mpaka nikajaribu.

Kwanini nang'ang'ania hili? Kwa sababu ya suruali zinazojizungusha. Mmeziona. Kijana kavaa kadeti nzuri, mshono wa pembeni umeanza kiunoni vizuri, ukifika chini umeshakuja mbele ya goti unasalimia watu. Fundi alitaka kubana kitambaa, akalaza patani, ile karatasi ya kukatia, upande upande ili suruali tatu zitoke pale palipotakiwa kutoka mbili na nusu, mtande ukakaa kombo. Siku ya kwanza huoni, ukifua ndo inajinyonga. Na mteja hatakwambia fundi umekosea mtande, atasema tu fundi yule hajui.

Na vitenge vyenye mwelekeo hivyo hivyo. Nimewahi kushonewa, mi mwenyewe fundi, nilikuwa nimebanwa na oda nikampa mwenzangu anishonee gauni la harusi ya mdogo wangu, kitenge cha ndege. Mbele ndege wanaruka, nyuma ndege wote wako kichwa chini kama popo. Kamati nzima ya harusi ilinipa jina. Sasa kitambaa kama kile, na mahameli, na kodrai, vipande vyote vinaangalia upande mmoja, kwahiyo kinakula zaidi, na hiyo zaidi lazima uiseme kwenye bei kabla hujashika mkasi.

Kanga sina haja ya kuwafundisha, ila nataka muone kwamba maneno yetu wenyewe yana vipimo kuliko tunavyodhani. Doti ni vipande viwili. Pindo ni ule mzunguko wa pembeni, mji ni ule uwanja wa katikati, jina ni yale maandishi. Mteja akikwambia nishonee dera la kanga, jina likae chini mbele, kila kitu kimeshasemwa, huhitaji picha. Usipomuuliza ndo jina linaangukia makalioni na lenyewe limeandikwa "Mungu ndiye mtoaji". Nisiendelee.

Korija ni vipande 20, dazeni 12, grosi ni dazeni 12 yaani 144, vifungo vinauzwa kwa grosi. Jora la zamani lilikuwa wari 30. Wari ndo yadi, sentimita 91 na nukta, haifiki mita. Sasa hapa wengi tunaliwa. Unaambiwa jora la thelathini, unahesabu mita 30 kichwani, unapanga mashati yako, unakuta ni wari 30, ambazo ni mita 27 na kidogo. Mita mbili na nusu zimekwenda wapi? Hazijakwenda popote, hazikuwepo. Uliza thelathini za nini. Na siku hizi majora yanakuja ya urefu wowote, kwahiyo pima dukani, mwenye duka akinuna mwache anune. Uliza na upana. Shati linalotoka kwenye kitambaa cha upana wa inchi 60 na linalotoka kwenye cha inchi 45 halili urefu sawa, mtu anaona cha 45 bei yake chini kwa mita anakimbilia, anajikuta amenunua mita nyingi zaidi kwa kazi ileile.

Na zile mbili tunazozisema kila siku, kurudi na kuchuja. Mteja akisema nguo imerudi, sio kwamba imekuja dukani, ingawa na yenyewe itakuja! Kurudi ni kusinyaa. Kuchuja ni kutoa rangi. Haya yote unaweza kuyapima nyumbani kwako. Kata kipande sentimita 50 kwa 50, chora alama kwa kalamu ya wino usiotoka, fua kama mteja atakavyofua, sio kama unavyofua nguo ya mkwe, anika, pima tena. Kama 50 imekuwa 48 kimerudi asilimia nne. Fulana ya urefu wa sentimita 70 ikirudi asilimia tano unapoteza tatu na nusu, yaani kitovu kiko nje. Kuchuja, chukua kitambaa cheupe kilicholowa, sugua kwenye hicho cha rangi mara 20, angalia. Sare za shule za bluu zilizoshonwa kola nyeupe, usipofanya hivyo utazirudia zote. Nimezirudia mimi. Na gamu ya kola, kile kitambaa kigumu kinachobandikwa ndani, nayo inarudi! Ukibandika gamu ambayo inarudi kuliko shati, kola inakuwa na mapovu kama maandazi. Ibandike kwenye kipande kwanza, fua.

Haya, dada zangu wa mitumba, najua mnasema huyu anaongea na mafundi tu. Neno lenu lenyewe ni la heshima. Mtumba ulikuwa ni ule mzigo uliofungwa, furushi la mpagazi, babu zetu Wasukuma na Wanyamwezi wamebeba mitumba mabegani mpaka pwani na kurudi. Na walichorudi nacho mara nyingi kilikuwa ni merikani, lile shuka la pamba lisilopaushwa la Wamarekani, Sultani Said wa Oman na Zanzibar aliwekeana mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833 na merikani ikajaa mpaka huku bara ikatumika kama hela, unanunua chakula kwa mikono ya merikani. Leo Wamarekani wanatuletea fulana walizokwisha kuvaa. Sisemi kitu, nasema tu biashara ni ile ile.

Belo la mitumba hesabu yake ni kilo. Belo la kilo 45 la fulana, kama fulana moja ya mtu mzima ukiiweka kwenye mzani ni gramu 180 hivi, kwa hesabu ni vipande kama 250. Ukifungua ukakuta 170 usianze kulia umeibiwa, huenda ni nzito, zipime. Ukikuta 300 na kitu, kuna za watoto humo. Afu mtu akikwambia ni krimu, au gredi ya kwanza, muulize gredi ya kwanza ya nani. Hakuna mahali duniani gredi ya mtumba imeandikwa sheria moja, kila anayechambua kule ana yake. Wenzetu Wakenya wao wana kamera kwa ile ya juu kabisa na fagia kwa ile inayobaki chini, na ukisikia tu fagia umeshaelewa, sina haja ya kukufafanulia. Sisi tunasema "mzigo safi". Safi vipi? Safi haina matundu, au safi haijachuja, au safi imefuliwa?

Mali kauli pia ni neno, na ni neno zito, maana yake unachukua mzigo kwa kauli yako tu, utalipa ukiuza. Nimelelewa na mali kauli mimi, sijui ningeanzaje bila hiyo. Lakini kauli yenyewe inatakiwa iseme mambo matatu: lini, kiasi gani, na kisichouzika kinarudi au hakirudi. Hilo la tatu ndo linavunja ujamaa. Nimeona ndugu wa damu hawasalimiani hapa mjini kwa sababu ya majaketi 40 yaliyobaki.

Mafundi, bei zetu. Mwenye shule anakuja anauliza, fundi, sare shilingi ngapi? Unamwambia elfu kadhaa. Imekwisha, umeshaingia mtegoni. Kuna bei ya kila kitu, kitambaa chako, uzi wako, zipu yako, vifungo vyako. Na kuna bei ya kazi tu, yeye analeta kitambaa, wewe unakata, unashona na unamalizia. Viwandani hiyo ya pili wanaiandika CMT, herufi tatu, na viwanda vikubwa kabisa vinaishi kwa hiyo. Kwenye CMT muulize nani analeta uzi, nani analeta zipu na lebo, kitambaa kikibaki ni cha nani, na kikipungua nani anaongeza. Mi nimeshona sare 80 nikaja kugundua uzi, zipu na gamu vimekula karibu theluthi ya hela yangu ya kazi, kwa sababu nilisema bei moja bila kusema ndani yake kuna nini.

Na kabla ya hizo 80 shona mbili za mfano. Sampuli. Zisainiwe, kwenye kona ya ndani weka sahihi kwa kalamu, moja ibaki kwako moja ibaki kwake. Usishone kwa picha ya WhatsApp. Kama ni saizi usiandike M, L, XL peke yake, L ya kiwanda kimoja China ni M ya mwenzake na ni kaptula ya mwanangu wa miaka 14. Andika sentimita: kwapa mpaka kwapa nguo ikiwa imelala, urefu kutoka begani penye kola mpaka chini, mkono, na kiasi cha kukosea mnachokubaliana, tuseme sentimita moja juu au chini. Kwapa mpaka kwapa 54, zidisha mara mbili, mzunguko 108. Hapo hakuna wa kumwambia mwenzake "si ulisema kubwa".

Hapo kwa wanaoagiza nje nitapita haraka maana muda. MOQ ni idadi ya chini anayokubali kukuuzia. Mtego ni kwamba ukiambiwa 300 uulize ni 300 kwa jumla au 300 kwa kila rangi. FOB ni bei ya mzigo mpaka umepakiwa kwenye meli bandari ya kwao, kuanzia hapo nauli ya meli na bima ni zako. CIF ameshaweka nauli na bima mpaka bandari mliyotaja, tuseme Dar es Salaam. Mpaka Dar, sio mpaka Mwanza! Ushuru bado, gharama za bandari bado, lori la kilomita zaidi ya 1,000 bado. Afu watu hawajui hili, kwenye CIF pamoja na kwamba nauli kalipa yeye, mzigo ukishapakiwa kule hasara ya njiani ni yako, ndo maana na bima ipo, kwahiyo mwombe karatasi ya bima usione aibu. Na wanaolipia kwa ujazo, ile CBM ni mita moja ya ujazo, boksi la sentimita 60 kwa 50 kwa 40 yanaingia manane tu na nafasi kidogo. Masweta ni mepesi lakini yanakula nafasi, yabane.

Dada mmoja pale nyuma ameniuliza wakati tunaingia, kwanini nisiwafundishe maneno ya Kiingereza tu yaishe. Mdogo wangu, fomu siksi ni Kiingereza? Ukienda duka lolote hapa mjini ukisema nataka fomu siksi nyeusi unapewa fulana yenye kola, tena haraka, na Mwingereza mwenyewe akisikia atadhani unatafuta mwanafunzi. Kaki imetoka kwa Waajemi na Wahindi, maana yake vumbi, rangi ya vumbi. Fulana, suruali, bitana, kila moja ina kwao na zote tumezifanya zetu. Mi sina ugomvi na neno linatoka wapi. Ugomvi wangu ni nikilisema wewe na mimi tuone kitu kimoja.

Nilipanga nimalizie na maswali, swali la kwanza likatoka kwa kaka mmoja mbele, kavaa shati kali la bluu mikono mirefu, akasema mama, hizo pamba na poliesta mtu anazijuaje bila maabara. Nikamwambia vua kiatu tukae, nani ana kiberiti? Akatoa. Nikamuuliza shati lako ni nini, akasema kwa sauti, hili pamba tupu, asilimia mia, nimelipa hela yake. Nikamwomba uzi mmoja kutoka pindo la ndani, akautoa mwenyewe. Pamba ukiichoma inaungua kama karatasi, inanuka karatasi, majivu laini ukigusa yanapotea. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inatoa moshi mweusi, ikipoa inabaki kijiwe kigumu. Nikauwasha. Ukajikunja.

Nikamwekea kile kijiwe kwenye kiganja, kidogo kama punje ya ulezi, akakibonyeza na kucha, hakipasuki. Akamwangalia mwenzake waliyekuja naye, afu akaniuliza, mama, na huo mzani wa dhahabu unauazimisha shilingi ngapi kwa siku?